Klauni wodini: kwa watoto wagonjwa na wazee wanaosahau, hapa Mombasa yawezekana?

MwanaSarakasi (mleta uzi)

Salaam aleikum wote wa jukwaa. Mimi ni mtu wa sarakasi. Asubuhi nafundisha vijana ufukweni Bamburi, usiku nachekesha wageni hotelini, na msimu ukiwa mbaya nashikilia sherehe za watoto za kuzaliwa. Mimi na wenzangu wawili tuna wazo, na kabla hatujabisha mlango wa hospitali yoyote nataka mtupasulie ukweli.

Kuna kazi ya klauni wa hospitali. Sisemi mtu kuvaa pua nyekundu siku ya sikukuu, kugawa peremende, kupiga picha na wagonjwa kisha kupotea hadi mwakani. Hayo twayaona sana. Nasema wasanii waliofunzwa, wanaoingia wodini siku maalumu kila wiki, wawili wawili, na wanaolipwa. Mwaka 1986 Michael Christensen, mmoja wa waasisi wa kundi la sarakasi la Big Apple Circus la New York, alianza kupeleka klauni wanaojifanya madaktari katika hospitali ya watoto mjini humo. Mwaka huohuo kule Winnipeg, Kanada, Karen Ridd alikuwa ameanza kazi kama hiyo. Mwaka 1991 wawili waliopita mikononi mwa Christensen wakaenda kuanzisha vikundi vyao: Caroline Simonds akaanza Le Rire Médecin Ufaransa, na Wellington Nogueira akaanza Doutores da Alegria kule São Paulo, Brazili. Argentina wamekwenda mbali zaidi: mkoa wa Buenos Aires ulipitisha sheria mwaka 2015 kwamba hospitali za umma zinazotibu watoto ziwe na klauni.

Wengine wanakwenda kwa wazee wenye ugonjwa wa kusahau, ile dimenshia. Hapo ndipo mimi mwenyewe nasita. Kumchekesha mtoto naweza. Mzee wa watu wa Mji wa Kale, mwenye heshima zake, nimwingilie na viatu vikubwa? Semeni.

---

KahawaChungu

Ndugu, wagonjwa wawili kitanda kimoja, dawa twaambiwa tukanunue nje, nawe watuletea pua nyekundu. Mkipata pesa za huo mradi nunueni glavu na dripu.

Halafu nani kakwambia watoto wanapenda klauni? Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, kiliuliza watoto zaidi ya 250 wa miaka 4 hadi 16 mwaka 2008 juu ya picha za kupamba wodi. Picha za klauni hazikupendwa, hata na wale wakubwa. Mwanangu mimi alipiga kelele kwa klauni wa dukani hadi tukaacha mkokoteni wa vitu tukatoka.

---

MamaWaWatatu

😂😂 KahawaChungu leo umeamka vibaya.

Lakini la dawa ni kweli. Mimi nimelala wodini na mwanangu wa selimundu mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Mchana ni heri, kuna pilikapilika. Baada ya saa za kutembelewa kwisha, ndugu wameondoka, mtoto analala kutazama feni. Siku hizo ningemkaribisha hata mwendawazimu wa sokoni, almuradi amfanye ageuze shingo.

---

NesiWaZamu

Nimefanya kazi wodi ya watoto miaka, nitasema ninavyoona.

Mtoto akilazwa, kila anayekuja kitandani pake ana jambo la kumfanya. Huyu kipimajoto, huyu sindano, huyu kumfungua bandeji, huyu kumvuta shuka aone tumbo. Hata daktari mpole namna gani, haulizi "nije au nisije?" Hawezi kuuliza, maana jibu likiwa "usije" bado atakuja. Nawaona watoto wa miaka mitatu, minne, wakisikia tu magurudumu ya toroli ya dawa kwenye kona, mkono wenye kanula, ule mrija wa dripu, unaingia chini ya mto. Mimi sijafika, sijasema neno, na mkono ushafichwa.

Klauni aliyefunzwa hafanyi hivyo. Anasimama mlangoni anabisha hodi. Kweli kweli, hodi. Mtoto akisema "toka", anatoka, na kule kutoka ndiko mchezo wenyewe: mlango unamshinda, mfuko unakwama, mwenzake anamlaumu. Mtoto amefukuza mtu mzima leo, na mtu mzima ametii! Kuna wengine hufukuza mara tano wakitaka arudi afukuzwe tena. Kwa hiyo KahawaChungu, mwanao hakukosea. Yule wa dukani alimrukia bila hodi, kajipaka rangi uso mzima hata mtoto hajui amekasirika au amefurahi. Hawa wa hospitali wengi wao hujipaka kidogo tu, pua na labda shavu, ili uso wa binadamu uonekane.

La pili, la utafiti, kwa kuwa umeanza kutaja. Mwaka 2020 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha mapitio ya tafiti 24 zenye watoto na vijana 1,612. Klauni walionekana kupunguza wasiwasi, hasa kabla ya upasuaji, na katika baadhi ya hizo tafiti maumivu, uchovu na kilio vilipungua pia. Hakuna aliyesema wanaponya malaria. Lakini mtoto anayeingia chumba cha upasuaji akipiga mateke ni kazi kwa mpaji usingizi na ni hatari kwake mwenyewe, kwa hiyo wasiwasi wake si jambo dogo la pembeni.

Na nikwambie na upande wetu, MwanaSarakasi, usije ukadhani tutakupokea kwa vigelegele. Italia walijaribu kwa watoto 40, matokeo yakatoka 2005: waliokuwa na klauni waliogopa kidogo zaidi wakati wa kupewa dawa ya usingizi kuliko wenzao waliokuwa na mzazi bila klauni. Wauguzi na madaktari wakakubali kwamba inawasaidia watoto. Walipoulizwa waendelee, wengi hawakutaka. Klauni aliwachelewesha, akawavuruga kazi yao. Mimi nawaelewa sana wale Waitaliano.

---

MwanaSarakasi

@NesiWaZamu "waliogopa kidogo zaidi" ndiyo waliogopa zaidi au kidogo? Nataka kuelewa.

---

NesiWaZamu

Waliogopa kidogo kuliko wenzao. Niliandika nikiwa zamu, kidole kilikuwa kwenye chai.

---

KahawaChungu

Sawa, la hodi nimelielewa. Lakini hujajibu la dripu.

---

UstadhMajengo

Mtume (s.a.w.) alifanya mzaha, ila hakusema ila la kweli. Mtu alimwomba mnyama wa kupanda akamwambia, nitakupandisha juu ya mtoto wa ngamia. Yule akasema nitamfanyia nini mtoto wa ngamia? Akaambiwa, kwani kuna ngamia asiyezaliwa na ngamia? Kwa hiyo mzaha si haramu. Hodi nayo ni mara tatu, hukujibiwa warudi, hilo tumefundishwa chuoni tungali wadogo.

Masharti yangu mawili. Wasimwambie mtoto sindano haiumi, maana inauma. Na wasimdhihaki mtu mzima.

---

BintKuze

Hilo la mwisho la Ustadh ndilo lililonifanya nifungue akaunti leo, maana kwa kawaida nasoma tu.

Mamangu ana ugonjwa huu. Ikifika baada ya alasiri huanza kutafuta buibui lake aende kwao, jua linazama na wasiwasi unazidi. Kwao ni hapahapa. Chumba alimo ndimo alimozaliwa. Ukimwambia "mama, hapa ndipo kwenu" anakutazama kama mwizi. Alikuwa mwalimu, nusu ya mtaa huu kawafundisha kusoma, na sasa watoto wa wanafunzi wake humwita majina dirishani. Wengine wazima husema ana jini, kuna mmoja alinishauri nimpeleke kwa mganga bara. Na mwajua wenyewe Kilifi yaliyowapata wazee kwa kushukiwa uchawi, wengine wameuawa, na sidhani wote walikuwa na kosa jingine zaidi ya kuzungumza peke yao na kupotea njia.

Kwa hivyo mtu akinambia ataleta klauni kwa mamangu, jibu la kwanza mdomoni ni la. Ashachekwa vya kutosha.

---

MswahiliGlasgow

BintKuze pole sana dadangu, Mungu akupe subira na mama amjaalie wepesi.

Mimi ni mtoto wa Kisauni, nafanya kazi ya kutunza wazee huku Scotland. Huku kuna shirika laitwa Hearts & Minds, lina klauni wa hospitali za watoto na wengine waitwao Elderflowers wa wazee wenye dimenshia tu. Niliposikia mara ya kwanza nilinuna kama wewe. Nikasema Wazungu hawa wameishiwa na adabu sasa.

Wacha niwaeleze nilichokiona kwa macho yangu kazini. Walikuja wawili, mwanamke na mwanamume, wamevaa mavazi ya ujana wa wale wazee: gauni la maua, suti ya zamani imebana kidogo, pua ndogo nyekundu. Kwanza walikaa na sisi wafanyakazi faraghani, wakauliza kila mzee: jana alilala? amefiwa? asikia sikio lipi? alikuwa akifanya kazi gani? Wakaandika. Ndipo wakatoka.

Kulikuwa na mzee mmoja fundi cherehani zamani zile, hasemi, kazi yake kukunja na kukunjua ncha ya blanketi siku nzima. Sisi tulikuwa tukimtoa mikono, tukidhani ni usumbufu. Yule klauni mwanamume akapiga magoti mbele yake, chini ya usawa wa macho yake, akamwonyesha pindo la koti lake limefumuka. Hakusema kitu. Mzee akalitazama pindo, akamtazama yeye, akalishika, akalipitisha kati ya vidole hadi mwisho, halafu akatikisa kichwa kwa dharau hasa, ile ya fundi akiona kazi ya fundi mwingine. Klauni akaona haya, akamshitakia mwenzake: nilikwambia! Mzee akacheka bila sauti, mabega tu.

Umeona nani alichekwa pale? Klauni ndiye mjinga siku zote. Hajui kufunga kifungo, hajui njia, anasahau jina lake. Mzee ambaye tangu asubuhi anasahihishwa na kila mtu, leo kapata wa kumsahihisha yeye.

---

BintKuze

Na akiuliza mamake yuko wapi? Mamake alikufa mimi sijazaliwa. Nikimwambia amekufa analia upya kama kafiwa leo. Nikimwambia anakuja nahisi nasema uongo.

---

MswahiliGlasgow

Hawajibu hilo swali wala hawaligeuzi. Wanamfuata alipo. "Mamako alikuwa akipika nini?" "Alikuwa mkali?" Mara nyingi anayemuulizia mamake jioni anataka lile la mamake, kushikwa, kuambiwa kula, kujua mlango umefungwa. Tukio lenyewe atalisahau baada ya dakika tano, ila ile raha au ile huzuni inabaki mwilini muda mrefu kuliko kumbukumbu yake. Ndiyo maana kumsahihisha hakuna faida: anasahau ulilomsahihisha, anabaki na uchungu.

Na muziki jamani. Mtu asiyejua jina la mwanawe huimba wimbo wa ujana wake beti zote. Mamako alipenda nini?

---

BintKuze

Taarab, nini tena. Na lelemama, ngoma ya wanawake. Alikuwa mdogo lakini akifuatana na nyanya yake, wao walikuwa kundi la Banu Saada, na akisikia mtu ametaja mahasimu wao Ibinal Watan hadi leo hufyonza. Jina langu halikumbuki lakini mahasimu wa lelemama anawakumbuka.

---

MamaWaWatatu

😂😂😂 Allah amhifadhi. Huyo ndiye mtu wangu.

---

TangaRaha

Mkuu mleta uzi, jibu la swali lako la heshima mnalo nyumbani. Babu na mjukuu ni watani. Bibi yangu mimi ananiita mume wangu tangu nazaliwa, ananidai posa, ananigombeza silali nyumbani, na hakuna aliyewahi kusema nimemkosea adabu. Mtoto wake hawezi kumtania hivyo, mkwe ndiyo kabisa. Ingia kwa mlango wa mjukuu. Mavazi ya sarakasi acha hotelini: kanzu imekuwa fupi, kofia inaanguka, umetumwa sukari umeleta chumvi. Atakugombeza mwenyewe bila kufundishwa.

---

MwanaSarakasi

TangaRaha umenifungua. Nilikuwa nawaza viatu na puto.

---

NesiWaZamu

Puto hapana!! Zile za mpira hospitali nyingi hazitaki kabisa. Kuna wenye mzio wa mpira, kuna mtoto atakayemeza kipande, na ikipasuka wodi nzima inaruka, akiwemo aliyeshonwa tumbo jana.

Midoli ya manyoya pia isipite kitanda hadi kitanda. Mnanawa mikono kabla ya kila kitanda na baada yake, pua inaoshwa kwa sabuni, mwenye mafua anakaa kwake. Watoto walioungua na wale wa saratani mnauliza kwanza kwa nesi, hata kama jana mliruhusiwa. Mnapokea taarifa kabla ya kuingia kama ile ya Glasgow, na siri za mgonjwa haziondoki pale. Picha hakuna. Sheria ya Ulinzi wa Data ipo tangu 2019 na mtoto hawezi kukupa idhini, lakini hata pasingekuwa na sheria, nani anataka uso wake wenye mirija ya puani uzunguke kwenye simu za watu?

Na wawili ni muhimu, msidhani ni ubadhirifu. Akiwa mmoja, mtoto analazimika kucheza naye. Wakiwa wawili, wanacheza wao kwa wao na mtoto anatazama tu akitaka. Tena mmoja awe mwanamke. Wodi imejaa akina mama wananyonyesha, na nyumba za kina BintKuze hazipokei wanaume watatu wasiojulikana.

---

KahawaChungu

Nimesoma yote, nasubiri mtu ajibu la pesa. Na utafiti wa wazee uko wapi? Mmetaja wa watoto tu, huu wa wazee mwatuletea hadithi ya pindo la koti.

---

MswahiliGlasgow

Upo. Sydney, Australia, waliufanya kwenye nyumba za wazee 35, wakauita SMILE, matokeo yakatoka 2013. Klauni wa wazee walikuwa wakija kila wiki kwa majuma 9 hadi 12, na katika kila nyumba mfanyakazi mmoja alifunzwa kuendeleza. Walichokuwa wakipima hasa ni huzuni ya kudumu, na hiyo haikupungua kwa kiasi cha maana. Kilichopungua ni mahangaiko: kuzurura, kupiga kelele, kukataa kushikwa. Kwa anayemtunza mzee usiku, hicho ndicho kinachomuua.

Nimekupa na lililoshindikana, usiseme nauza.

---

KahawaChungu

Huo ndio uungwana. Basi tuseme klauni hamwondolei mzee huzuni, anampunguzia mahangaiko. Hilo nalikubali. Pesa?

---

MwanaSarakasi

Pesa nitajibu. Vyama vingi vya huko nje hukusanya michango yenyewe, hospitali hailipi au hulipa kidogo, kwa hiyo dripu yako haiguswi. Sisi tumewaza hoteli: msimu wa wageni tunafanya onyesho moja la mchango kila mwezi, na hizo ndizo nauli na posho. Bure kabisa sitaki. Nimeona mambo ya bure, mtu akipata kibarua Diani wodi inasahauliwa, na mtoto aliyeambiwa "Jumanne nakuja" anakaa mlangoni Jumanne.

Mafunzo ndiyo kikwazo changu kikubwa. Sarakasi tunaijua, kuchekesha tunajua, lakini kwenye jukwaa kazi yako ni kuwashika watu mia mbili, na ukishindwa unaongeza sauti. Hapa inabidi upunguze. Tumekubaliana tuanze kwa kukaa tu wodini kama wasaidizi, bila pua, bila mchezo, tujue saa za dawa, saa za madaktari kuzunguka, mtoto analia vipi akiwa na njaa na vipi akiwa na maumivu. Binamu yangu wa kike anaimba na yuko tayari.

---

BintKuze

Huyo binamu aje kwetu. Yeye peke yake kwanza, bila pua, baada ya alasiri. Asimwambie "nyanya", hapendi, anaitwa Bi Mwalimu. Aombe kufundishwa lelemama na ajifanye hajui, na asitaje wale wengine ila awe tayari kukimbia.

---

UstadhMajengo

Maashallah. Na apewe kahawa na kaimati akimaliza.

---

TangaRaha

Huku Tanga nikitaka kuanzisha nianzie wapi?

---

NesiWaZamu

Pote ni palepale. Barua kwa uongozi wa hospitali, nakala kwa muuguzi mkuu na kwa ofisi ya ustawi wa jamii. Ukurasa mmoja, msiandike falsafa: nani, siku gani, saa ngapi hadi saa ngapi, wodi gani, nani anawajibika. Hapa Kenya ambatisha cheti cha tabia njema cha kila mmoja, mnakwenda kwa watoto wa watu. Halafu ongeeni na nesi wa zamu, siyo na mkurugenzi peke yake, maana mkurugenzi atawapa ruhusa na sisi ndio tutakaowanunia.

MwanaSarakasi nitumie ujumbe faraghani ukishaandika, niisome kabla hujaipeleka. Na mkate kucha.

---

MwanaSarakasi

Tumekata. Barua naiandika leo usiku baada ya onyesho.

---

KahawaChungu

Ikikubaliwa leta majibu humuhumu. Ikikataliwa pia.